Kisangani: Kipimo ni bure, lakini njia ya kukifikia ina ngazi

KISANGANI – Ili mtu ajue kama ana virusi vya Ukimwi, tone moja la damu ya kidole na muda wa dakika 15 hadi 20 vinatosha. Kwa mkazi wa Kisangani anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, dakika hizo ndizo sehemu fupi kuliko zote za safari yake. Kabla yake kuna barabara ya matope, pengine mto usio na daraja, ngazi za kuingilia, benchi la kusubiria na fomu ya kujaza. Baada yake kuna jibu, ambalo huenda likasikika masikioni mwa mtu mwingine kwanza.

Katika makao makuu haya ya jimbo la Tshopo, kama ilivyo kwingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, upimaji wa afya ni jambo linalohubiriwa kila mara: virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, shinikizo la damu, kisukari, saratani ya mlango wa kizazi. Vipimo vya Ukimwi na kifua kikuu hutolewa bila malipo chini ya programu za kitaifa. Lakini neno "bure" linataja bei ya kipimo peke yake. Halitaji nauli ya anayemsindikiza mgonjwa, wala siku ya kazi anayoipoteza ndugu huyo, wala siri inayovuja njiani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwezi Desemba 2022 ripoti kuhusu usawa wa afya kwa watu wenye ulemavu. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, watu wapatao bilioni 1.3 duniani, yaani mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Hatari yao ya kupata maradhi kama kisukari na kiharusi ni maradufu. Usafiri usiofaa na wa bei ghali huwa kikwazo kwao mara 15 zaidi kuliko kwa watu wengine.

Kisukari na shinikizo la damu ni maradhi yanayokaa mwilini kimya kwa miaka. Ni kipimo tu kinachoyafichua mapema. Yule ambaye hatari yake ni maradufu ndiye mwenye njia ndefu zaidi ya kufika kwenye kipimo.

Mto, pikipiki na mizani

Kisangani ina tarafa sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko ukingo wa kulia wa mto Congo. Lubunga iko peke yake ng'ambo ya pili, na hakuna daraja linaloiunganisha na mji. Watu huvuka kwa mitumbwi, kwa boti za mashine na kwa kivuko kinapofanya kazi.

Tuseme mama mmoja wa Lubunga, ambaye miguu yake ilipooza kwa polio utotoni, ametakiwa kufanya kipimo kisichopatikana upande wake wa mto. Kwanza inabidi ashuke gatini, mahali ambapo wengine hurukia tu chomboni. Yeye atabebwa. Baiskeli yake nayo itabebwa, na mara nyingi mzigo huwa na bei yake. Akifika Makiso anakutana na usafiri ulioujengea mji huu jina: zamani toleka, teksi za baiskeli, na leo zaidi pikipiki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye nafasi ya kupakia kiti cha magurudumu pamoja na mwenye kiti.

Mlangoni pa kituo cha afya safari haijaisha. Ngazi tatu zinatosha kumrudisha mtu nyumbani. Ndani, mizani ya kawaida inataka mtu asimame. Hili si jambo dogo, kwa sababu dozi ya dawa za kifua kikuu hupangwa kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Asiyeweza kusimama hukadiriwa kwa macho, au hupimwa akiwa amebebwa na mtu mwingine, kisha uzito wa aliyembeba hutolewa.

Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi una kizuizi chake. Katika njia inayotumika sana kwenye nchi zenye uwezo mdogo, muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Kwa hilo mwanamke anatakiwa kupanda kitanda kirefu, alale chali na kutenganisha miguu. Mwanamke ambaye miguu yake haimtii anahitaji kitanda kinachoshuka, au watu wawili wa kumsaidia wanaojua namna ya kumshika bila kumuumiza wala kumvunjia heshima. Pale ambapo hakuna kimojawapo, kipimo kinaahirishwa, na kuahirishwa huko mara nyingi hakuna tarehe.

WHO inataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamefanyiwa kipimo cha kuaminika cha saratani hiyo kabla ya kufikisha miaka 35, na tena kabla ya miaka 45. Mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hiyo, naye anashauriwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 25.

Siri inayopitia kinywa cha mwingine

Kwa kiziwi, ngazi si tatizo. Tatizo lake huanza pale muuguzi anapofungua mdomo.

Kabla ya kupimwa virusi vya Ukimwi mtu hupewa ushauri, na baada ya jibu hupewa ushauri mwingine. Yote hayo hufanyika kwa maneno, kwa Kiswahili, Lingala au Kifaransa. Kiziwi asiyekuta mtu anayejua lugha ya alama huja na mkalimani wake: mama, kaka, mume, wakati mwingine mtoto wake mwenyewe. Maswali kuhusu wapenzi wake yanapitia kwa kaka. Jibu linapitia kwa mume. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini Congo, inataka upimaji uwe wa hiari na wa siri. Kwa kiziwi anayetafsiriwa na ndugu yake, siri hiyo imekwisha kabla kipimo hakijatoa jibu.

Kipofu naye ana fundo lake. Tangu 2016 WHO inapendekeza vipimo vya Ukimwi ambavyo mtu hujipima mwenyewe faraghani. Ni msaada mkubwa kwa asiyeweza kusafiri. Lakini jibu la vipimo hivyo ni mistari midogo inayosomwa kwa macho. Kipofu akijipima nyumbani, lazima amwite mtu amsomee mistari.

Juu ya yote hayo kuna dhana iliyoota mizizi: kwamba mtu mwenye ulemavu hana mpenzi, hazai, kwa hiyo hana haja ya kupimwa. Utafiti wa kimataifa uliofanywa na Chuo Kikuu cha Yale pamoja na Benki ya Dunia na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kinyume. Watu wenye ulemavu wako katika hatari sawa au kubwa zaidi ya kuambukizwa, kwa sababu mambo yanayoongeza hatari, kama umaskini, kukosa elimu na ukatili wa kingono, huwaangukia zaidi.

Nchini Kenya jambo hili lilijaribiwa kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Liverpool VCT lilianzisha huduma ya ushauri na upimaji wa Ukimwi kwa viziwi, Nairobi kwanza, kisha Kisumu na Mombasa. Washauri walikuwa viziwi wenyewe, waliofunzwa kazi hiyo. Mteja aliingia, akazungumza kwa mikono yake, akapata jibu lake bila ndugu katikati. Gharama kubwa haikuwa mashine. Ilikuwa kuwafundisha watu na kuwaamini.

Sheria ipo, tarehe inakumbukwa

Congo haikosi maandishi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa wazee na watu wanaoishi na ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 25 cha mkataba huo kinataka watu hao wapewe huduma za afya za kiwango kilekile wanachopewa wengine, zikiwemo za afya ya uzazi, na zipelekwe karibu iwezekanavyo na mahali wanapoishi, hata vijijini.

Kisha ikaja Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayohusu ulinzi na uendelezaji wa haki za mtu anayeishi na ulemavu. Ilitiwa saini siku ileile ambayo, miaka 14 nyuma, Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulianza kutumika duniani, 3 Mei 2008.

Ila sheria haijengi mteremko mlangoni. Inahitaji maagizo ya utekelezaji, bajeti na mtu wa kukagua. Katika nchi ambako sehemu kubwa ya gharama za matibabu hutoka mfukoni mwa familia, na ambako muuguzi mmoja hubeba kazi ya watatu, ni rahisi kusema kwamba mambo ya walemavu yatasubiri hadi wengine wote wahudumiwe. Hoja hiyo husikika mara kwa mara, na ina upande wake wa kweli: hata asiye na ulemavu hupata shida kutibiwa. Lakini mteremko haumhudumii mtu mmoja. Unamfaa mjamzito, mzee, anayebebwa kwenye machela na mfanyakazi anayesukuma mtungi wa oksijeni.

Mji wenye majeraha yake

Kisangani ina sababu yake ya pekee ya kutolisahau jambo hili. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana katikati ya mji kwa mizinga mizito, katika kile ambacho wakazi bado wanakiita Vita vya Siku Sita. Mamia ya raia waliuawa na wengine wengi zaidi walijeruhiwa. Baada ya milio kunyamaza, mabomu na mabaki ya vita yalibaki ardhini, na kazi ya kuyaondoa ikachukua miaka.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Congo dola milioni 325 kwa uharibifu uliofanywa nchini, kati ya hizo milioni 225 zikiwa ni kwa ajili ya madhara kwa watu. Mfuko wa serikali uliopewa kazi ya kugawa fidia hiyo, FRIVAO, una makao yake hapahapa Kisangani.

Mazungumzo mengi kuhusu fidia ni ya pesa na orodha za majina. Yapo pia ya miili. Kijana aliyepoteza mguu akiwa na miaka 20 mwezi ule wa Juni, leo yumo katika miaka ya arobaini. Huo ndio umri ambao shinikizo la damu na kisukari huanza kubisha hodi. Asiyeweza kutembea sana huzidi kunenepa. Mwenye kisukari akipata kidonda kwenye mguu uliobaki, anaweza kuupoteza nao. WHO inakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la damu duniani hawajui kama wanalo. Kwa majeruhi wa vita, kutojua huko kunaweza kumletea ulemavu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Wasiohesabiwa

Ni wangapi? Sensa ya mwisho ya watu nchini Congo ilifanyika mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana umri wa kuwa na wajukuu, na jimbo la Tshopo lenyewe halikuwepo: lilizaliwa mwaka 2015, ilipogawanywa Mashariki ya zamani. Ndilo jimbo kubwa kuliko yote nchini kwa eneo, karibu kilomita za mraba 200,000, na lina kanda 23 za afya. Mji wa Kisangani peke yake una kanda tano.

Majirani wamejaribu kuhesabu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wenye ulemavu, na ile ya Tanzania ya 2022 asilimia 11.2. Pengo hilo halimaanishi kwamba ulemavu unakoma mpakani. Linaonyesha kwamba idadi hutegemea swali lililoulizwa na mahali mstari ulipochorwa.

Yapo maswali mafupi sita yanayotumika katika nchi nyingi, yaliyotungwa na kundi la wataalamu wa takwimu linalojulikana kama Kundi la Washington. Hayamuulizi mtu kama ni mlemavu, neno ambalo wengi hulikataa. Yanauliza kama ana shida ya kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na wengine. Dakika mbili zinatosha kuyauliza yote.

Madaftari ya upimaji kwa kawaida huandika umri na jinsia. Ndiyo maana mwisho wa kampeni inaweza kusemwa ni wanawake wangapi walipimwa na ni vijana wangapi. Pale ambapo daftari halina safu ya ulemavu, hakuna anayeweza kusema kama kipofu hata mmoja alifika. Na asiyeonekana kwenye ripoti ya mwaka huu hatapangiwa kitu kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Kufuata watu walipo

Kupeleka kipimo kwa mtu, badala ya kumsubiri, si jambo geni Congo. Ni mojawapo ya mambo ambayo nchi hii imeyafanya vizuri.

Ugonjwa wa malale ndio ushahidi. Mwaka 1998 Congo iliandikisha zaidi ya wagonjwa 26,000. Timu za kupima zilipita kijiji kwa kijiji, kwa gari, kwa mtumbwi na kwa miguu, zikichukua tone la damu na kupapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Isangi, chini ya mto kutoka Kisangani, ni mojawapo ya maeneo yaliyoujua ugonjwa huo. Baadaye, katika majimbo ya magharibi, ziliundwa timu ndogo za pikipiki zinazopita nyumba kwa nyumba. Kufikia 2018, wagonjwa wapya wa malale ya aina hiyo duniani kote walikuwa chini ya 1,000.

Ushindi huo haukupatikana kwa kungoja kwenye benchi la hospitali. Waliopanga kazi walianza na swali rahisi: nani hajafikiwa, na yuko wapi?

Swali hilohilo linaweza kuulizwa mitaani Kisangani, na watu wa kuliuliza wapo. Wahudumu wa afya wa jamii, wanaojulikana nchini kama RECO, hupita majumbani wakati wa chanjo ya polio na kampeni nyinginezo. Wanajua nyumba ipi ina bibi asiyetoka nje na nyumba ipi ina kijana asiyesikia. Wakipewa yale maswali sita na daftari, mtaa mzima unaweza kuwa na orodha yake kabla kampeni haijaanza.

Hatua nyingine nazo hazihitaji kungoja wafadhili. Kwa kipimo kinachotumika sana cha ujenzi, kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60, yaani saruji, mchanga na fundi wa siku chache. Meza ya kupimia inaweza kuhamishiwa chumba cha chini kilicho karibu na mlango. Tangazo la redio halimfikii kiziwi, na bango halimfikii kipofu, kwa hiyo kila tangazo linahitaji njia mbili.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2021 WHO inapendekeza kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi kiitwacho HPV, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi ndogo, akiwa nyumbani au faraghani kituoni. Kitanda kirefu hakihitajiki tena kwa hatua hiyo ya kwanza. Maabara ya kusoma sampuli inahitajika, na hapo ndipo gharama ilipo. Lakini panapowekwa maabara hiyo, mwanamke mwenye ulemavu anaweza kuwa wa kwanza kufaidika badala ya kuwa wa mwisho.

Na kwa viziwi, mfano wa Kenya unabaki wazi: kuwafunza baadhi yao kuwa washauri, na kutangaza siku na saa ambapo mshauri huyo yupo.

Haya yote hayatamwondolea mama wa Lubunga mto ulio mbele yake. Lakini kama jina lake limo kwenye orodha ya mtaa wake, timu ya upimaji itajua kabla ya kufungasha vifaa kwamba kuna mtu mmoja ng'ambo ambaye hawezi kuja. Inayotakiwa kuvuka hapo si baiskeli yake ya magurudumu matatu. Ni sanduku dogo la vipimo, ambalo mtu yeyote anaweza kulibeba kwa mkono mmoja.